Roho juu: shajara ya kipindi kimoja kuhusu "Basket Case"

Jumamosi, 10 Januari

Tumeanza. Kipindi kimoja cha kusikiliza, dakika 20, kwa Kiswahili, juu ya wimbo mmoja tu: "Basket Case" wa Green Day, bendi ya panki-roki ya Marekani. Tuko wawili. Mimi naandika na kusoma. Jirani yangu, kijana wa kutengeneza redio na simu, anarekodi na kuhariri. Mimi namwita fundi, yeye ananiita kaka. Studio ni kabati langu la nguo: makoti mawili, khanga za mke wangu, na godoro la mtoto limeegemezwa mlangoni. Mwangwi hakuna kabisa, ila ukikaa mle dakika kumi shati linaloa.

Tarehe ya kukitoa ni Jumapili, 1 Februari. Albamu yenye wimbo huu, Dookie, ilitoka 1 Februari 1994, kwa hiyo siku hiyo itatimiza miaka 32. Tuna wiki tatu. Zinatosha, nadhani.

Nimempa fundi ausikilize kwa mara ya kwanza maishani mwake. Yeye ni mtu wa singeli, kwa hiyo kasi haikumshtua. Alisikiliza mpaka mwisho, dakika tatu na sekunde chache, akavua spika za masikioni, akauliza: "Kaka, huyu anafurahi au analia?"

Nimeliandika swali hilo juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Mimi mwenyewe nilipousikia bwenini, kidato cha pili, nilidhani ni wimbo wa kushangilia mpira.

Jumatatu, 12 Januari

Sehemu ya kwanza: bendi ilikotoka. Niliandika kurasa nne, nikabakiza moja na nusu.

Kilichobaki ni hiki. Billie Joe Armstrong, mwimbaji na mpiga gita wa bendi, alizaliwa Februari 1972, akakulia Rodeo, mji mdogo wa California wenye kiwanda cha kusafisha mafuta. Baba yake, dereva wa lori aliyekuwa pia mpiga jazi, alifariki kwa saratani Septemba 1982, mtoto akiwa na miaka 10. Mama alikuwa mhudumu wa mgahawa, na mgahawa huohuo, Rod's Hickory Pit, ndio uliompa mwanawe na rafiki yake Mike Dirnt nafasi ya kupiga mbele za watu mwaka 1987. Walijiita Sweet Children. Jina la Green Day lilikuja 1989, na mpiga dramu Tré Cool akaingia 1990. Walipokwenda kurekodi Dookie mwaka 1993, Armstrong na Dirnt walikuwa na miaka 21 na Cool alikuwa hajaifikisha. Nimelipigia mstari hilo la umri. Mimi nikiwa na miaka 21 nilikuwa sijui hata kujaza fomu ya benki.

Palipotuchukua muda ni 924 Gilman Street, ukumbi wa muziki wa panki mjini Berkeley, California, uliofunguliwa mwisho wa mwaka 1986. Watoto wanaruhusiwa, pombe hairuhusiwi, ngumi hazitakiwi, wanaouendesha ni watu wa kujitolea. Na sharti moja lililokuja kuwakaba Green Day: bendi iliyosaini na lebo kubwa, yaani kampuni kubwa ya kutoa muziki, haipigi pale. Mwaka 1993 wakasaini na Reprise, ambayo ni ya Warner, na ule ukumbi uliowalea ukawafungia mlango. Walirudi kupiga pale Mei 2015, katika onyesho la kuchangia wahanga wa moto.

Fundi hakuelewa uchungu uko wapi. "Si wamepata hela? Wafurahi."

"Chukulia mtaa wetu," nikamwambia. "Tuandike ukutani kwamba anayesajiliwa na Simba au Yanga hagusi tena mpira kwenye kiwanja chetu cha vumbi. Na mwenyewe ulishiriki kuuchora huo ukuta."

Akanyamaza kidogo. "Mimi ningesajiliwa tu. Ila ningekuwa napita pale usiku kuchungulia."

Nimemuomba ruhusa niisome sentensi hiyo kwenye kipindi. Amekubali kwa soda moja.

Alhamisi, 15 Januari

Leo ndiyo kazi yenyewe: maneno yalipatikanaje.

Nilikuwa naamini, kama wengi, kwamba kijana alishikwa na hofu, akakaa chini, akauandika wimbo wa hofu. Sivyo. Muziki ulitangulia. Maneno ya kwanza yalikuwa hadithi ya mapenzi, na Armstrong amesimulia mwenyewe, miaka mingi baadaye, kwamba aliyaandika akiwa amelewa metamfetamini. Wakati ule alijiona ameandika wimbo mkubwa kuliko nyimbo zote duniani. Dawa ilipokwisha mwilini, aliona ameandika takataka. Ile rekodi ya majaribio, iliyofanywa kwa mashine ya kaseti ya njia nne, ilitolewa hadharani mwaka 2023 katika toleo la miaka 30 ya Dookie. Tuni ni ileile tunayoijua, anayeimba ni yuleyule, ila maneno yanapita sikioni bila kushika popote.

Akayatupa. Tuni akaibakiza.

Ndipo akaandika kuhusu kilichokuwa kinampata kweli: moyo kwenda mbio bila sababu, akili kukimbilia mabaya, kujiona anaelekea uwendawazimu. Amewahi kueleza kwamba kuuandika ndiyo ilikuwa njia pekee aliyoiona ya kujua kinachomsibu. Miaka kadhaa ilipita kabla hajaambiwa kwamba hali ile ni ugonjwa unaojulikana na una jina, kwa Kiingereza panic disorder.

Kwa hiyo wimbo uliufuata ugonjwa, ila ukalitangulia jina lake. Ulikaa mahali pake kabla ugonjwa haujatajwa. Hapa ndipo nimeamua kipindi kisimame. Mauzo na tuzo tutavisema kwa sentensi mbili (tuzo ya Grammy ya muziki mbadala mwaka 1995 kwa albamu; wiki tano namba moja kwenye chati ya roki mpya ya Marekani kwa wimbo) halafu twende zetu.

Shida ni kwamba sasa lazima niuseme ugonjwa wenyewe kwa Kiswahili. Kamusi inanipa "hofu ya ghafla". Hiyo hata nyoka akipita sebuleni unaipata.

Jumapili, 18 Januari

Nimekwenda kwa mama mdogo. Amekuwa muuguzi miaka thelathini na kitu, amestaafu mwaka juzi, na watu wa mtaa bado wanamgongea usiku.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Leo umekumbuka njia?"

Nilimweleza mradi. Wimbo hakutaka kuusikia ("hizo kelele zenu"), ila nilipomtajia dalili aliweka chini ungo wa mchele. Akaanza kuhesabu kwa vidole: moyo unadunda kama unataka kutoka, pumzi haishuki, vidole vinafanya ganzi, jasho la baridi, na mgonjwa ana hakika anakufa sasa hivi. Analetwa usiku, amebebwa na watu wanne. "Tunapima presha. Tunasikiliza moyo. Mara nyingi hatuoni kitu. Dakika kumi, kumi na tano, anaanza kutulia, anaona aibu mbele ya wale waliombeba. Kesho kutwa analetwa tena."

"Na wenyewe wanasemaje wakifika? Wanatumia neno gani?"

"Inategemea. Wazee wa pwani wanakwambia kiherehere cha moyo."

Nililiandika haraka. Neno zuri mno, ila nikajua tayari fundi atacheka. Kwa kijana wa leo kiherehere ni kimbelembele: mtu anayejitia kwenye shughuli isiyomhusu. Nikisema Billie Joe alikuwa na kiherehere, msikilizaji atadhani alikuwa anavamia harusi za watu.

"Na wengine?"

"Wengine wanasema tu, nesi, roho juu. Roho yangu iko juu juu, haishuki." Akashika kifua, chini kidogo ya koo, kuonyesha inapokwama. "Na ndugu zao pembeni wanasema karogwa."

Jina la kipindi limepatikana hapo, kwenye ungo wa mchele. Nimerudi nyumbani na kilo mbili za mchele na karipio la kutokuja Krismasi.

Jumanne, 20 Januari

Umeme ulikatika tukiwa tunarekodi sehemu ya pili. Fundi alikuwa hajahifadhi. Dakika 40 zimekwenda na maji.

Umerudi saa kumi usiku. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa ndani ya kabati tena, mimi na tochi, kabla jua halijawaka. Sauti yangu ni ya mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Fundi anasema inafaa kwa mada.

Alhamisi, 22 Januari

Jina la wimbo. Programu ya kutafsiri imenipa "kesi ya kikapu". Nikacheka, kisha nikaona imetoa kitu chenye mkia mrefu kuliko ilivyojua.

Kikapu kweli kimo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Marekani palivuma habari za askari waliorudi bila mikono wala miguu, wa kubebwa kwenye vikapu. Mwaka 1919 jeshi lilitoa tamko rasmi kukanusha: askari wa namna hiyo hakuna hata mmoja. Askari waliotajwa hawakuwahi kuonekana, lakini neno lilibaki, likahama kutoka mwilini kwenda akilini. Leo linamaanisha mtu aliyeishiwa uwezo wa kujibeba.

Kwetu? Nimeandika orodha na kuifuta. Kichaa: zito mno, lina minyororo ndani yake. Chizi: jepesi mno, mtu anamwita hivyo rafiki yake kwa mapenzi. Mwehu, punguani: matusi. Fundi akaleta "fyuzi imeungua", ambalo kwa fundi wa redio ni neno la kazi, na "nati zimelegea". Hilo la mwisho lina ukaribu. Wimbo ule hausemi nimeshaharibika; unauliza kama ndiyo naharibika, au ni hofu zangu tu, au ni moshi niliovuta. Nati zilizolegea bado zipo mahali pake. Mtu anazisikia zikicheza.

Tumekubaliana: jina la wimbo tunaliacha kama lilivyo, historia ya kikapu naisimulia, na ndani ya masimulizi natumia nati.

Jumamosi, 24 Januari

Ubeti wa pili umetula siku nzima.

Kwa maneno yangu unakwenda hivi: anayeimba anakwenda kwa daktari wa akili amchambulie ndoto zake. Daktari anamwambia tatizo ni kukosa kufanya mapenzi. Basi anakwenda kwa anayeuza mwili, naye anamwambia maisha yako yanachosha, acha kulalama, unanishusha moyo. Mzaha. Kila mlango anaogonga anaambiwa jambo jingine, na hata wa kulipwa kwa saa hataki kumsikiliza.

Lakini kuna kitu kinafanyika kwenye viwakilishi. Kwa Kiingereza daktari ni mwanamke. Anayeuza mwili ni mwanamume; inatajwa wazi, kwa neno dogo kabisa, na kijana wa mwaka 1994 aliyekuwa akiimba kwa sauti bwenini angeweza kulipita bila kuligundua. Halafu kabla ubeti haujaisha, kiwakilishi kinageuka tena kuwa cha kike. Armstrong, ambaye baadaye alisema hadharani kwamba yeye huvutiwa na jinsia zote mbili, aliiweka ile "he" pale kwa makusudi.

Sasa tafsiri. Anamwambia. Akamwambia. Alimwambia. Kiswahili kinameza yote. Daktari ni a-, anayeuza mwili ni a-, na yule aliyegeuka katikati ya sentensi pia ni a-. Lugha yetu haioni tatizo lolote, na kwa mambo mengine naipenda kwa hilo. Hapa imeniibia mzaha.

Nikadhani nomino itaniokoa. Changudoa? Msikilizaji ataona mwanamke papo hapo. Kahaba, vilevile. Kwa hiyo siyo tu kwamba wimbo unapoteza "yule mwanamume", unapata mwanamke ambaye hakuwepo.

Fundi, ambaye alikuwa analehemu waya muda wote huo, akasema bila kuinua kichwa: "Sema jamaa."

Jamaa! Mama mmoja daktari, halafu jamaa mmoja anayejiuza. Hakuna anayesikia "jamaa mmoja" akaona mwanamke. Kugeuka kwa mwisho kumenishinda. Nimeamua kukieleza kwa sentensi moja ya kawaida, kama mtu anayeonyesha alama kwenye ramani.

Maneno yaliyoandikwa leo: 90. Saa zilizotumika: saba.

Jumanne, 27 Januari

Haki za muziki. Hatuwezi kuupiga wimbo wenyewe kwenye kipindi. Kingefutwa kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo msikilizaji atausikiaje wimbo ambao hatuupigi?

Jibu lilikuwa kanisani. Wimbo ule unatembea juu ya kodi (za gita, si za nyumba) ambazo kwa sehemu kubwa ni zilezile za Canon ya Johann Pachelbel, Mjerumani aliyefariki 1706. Ule muziki wa bibi harusi kuingia taratibu huku mashangazi wanafuta machozi. Armstrong ameshusha nyuzi zote za gita nusu toni, akaukimbiza, lakini ngazi ni karibu ileile: inashuka, inashuka, inapanda kidogo, inarudi nyumbani. Pachelbel amekufa zamani, muziki wake hauna wa kuudai.

Tukaenda kwa kaka anayepiga kinanda kwaya ya kanisa la jirani. Alipiga mara ya kwanza kama kwenye harusi. Fundi akarekodi kwa simu. "Sasa kaka, haraka maradufu." Akapiga. "Tena." Mara ya tatu vidole vilianza kuteleza, mguu wake ukaanza kugonga sakafu peke yake, na kutoka kwenye kile kinanda cha plastiki, bila gita wala dramu, kikatokea kitu ambacho mtu yeyote aliyewahi kuusikia wimbo angekitambua. Mpiga kinanda akasimama ghafla. "Huu mimi naujua. Huu si wa kwenye gemu la mpira?"

Nikarudi nyumbani nikachukua gita langu, nikashusha nyuzi nusu toni, nikajaribu mwanzo. Ubeti wa kwanza ni sauti na gita tu. Unaegemeza ubavu wa kiganja kwenye nyuzi, pale karibu na daraja, ili zisilie sawasawa. Zinatoa mlio mfupi, mkavu, dug-dug-dug, kama kitu kilichofungiwa kinachopiga mlango kwa ndani. Dramu na besi zinakuja baadaye, na kiganja kinapoondoka nyuzi zinafunguka zote. Kwa mara ya kwanza nimepiga kile ambacho mama mdogo alikionyesha kwa mkono chini ya koo.

Hili la kiganja limeingia kwenye kipindi, dakika mbili nzima. Fundi anasema ni nyingi. Zinabaki.

Alhamisi, 29 Januari

Studio na video, kwa haraka, maana muda umekwisha.

Dookie ilirekodiwa Fantasy Studios, Berkeley, chini ya prodyuza Rob Cavallo, kwa takribani wiki tatu. Miksi ya kwanza, yaani kule kuchanganya na kusawazisha sauti, haikuwaridhisha, ikafanywa upya, na mmoja wa walioifanya ni Jerry Finn, ambaye miaka mitano baadaye ndiye aliyewatengenezea Blink-182, bendi nyingine ya Marekani, albamu yao iliyowapaisha. Ukitaka kujua kwa nini pop-panki (panki yenye tuni tamu za pop) nyingi ya miaka ile inalia kama ndugu wa tumbo moja, anza na jina hilo.

Video iliongozwa na Mark Kohr, ikapigwa katika majengo ya Agnews, kaunti ya Santa Clara. Ilipigwa kwa filamu ya rangi mbili, nyeusi na nyeupe, kisha rangi zikapakwa juu yake. Ndiyo maana ile kijani na ile buluu zinaumiza macho kama pipi. Agnews ilikuwa hospitali halisi ya wagonjwa wa akili tangu karne ya 19. Tetemeko la San Francisco la 18 Aprili 1906 liliyaangusha majengo yake ya matofali, zaidi ya watu 100 wakafa, wagonjwa na wahudumu pamoja. Baadaye sehemu ya ardhi hiyo iliuzwa, ikawa ofisi za kampuni ya kompyuta.

Nilitaka kulikata hili la tetemeko, halina uhusiano wa moja kwa moja na wimbo. Nimeshindwa. Vijana watatu wanarukaruka na gita mahali pale, na sasa kila nikiitazama video naona matofali.

Jumapili, 1 Februari

Kimetoka saa mbili asubuhi. Dakika 23 badala ya 20.

Hadi jioni wamesikiliza watu 61. Mmoja ameandika kwamba hakumaliza kwa sababu ya sauti yangu ya usingizi sehemu ya pili. Mwingine, nisiyemfahamu, ameandika mistari miwili tu: anaendesha bodaboda, ile dakika kumi ya nesi amewahi kuipata akiwa barabarani na abiria nyuma, na hakujua kama ina jina. Ameuliza nesi anapatikana wapi. Nimempigia mama mdogo kumuuliza kama nimpe namba yake.

"Mpe. Lakini mwambie asije usiku."

Yamebaki mawili. Sauti ya kinanda iko juu mno dakika ya 16. Fundi ameahidi kuishusha kesho. Na dakika ya 9, kwenye ile sehemu ya alfajiri, katikati ya sentensi yangu kuhusu mtu anayehisi anakufa, jogoo wa jirani anawika mara mbili. Nimemwambia fundi amwondoe. Amesikiliza tena, ameicheza mara tatu, amekataa.

"Kaka, jogoo yuko kwenye bit."